Toleo thabiti, lakini kwa nani?

Ukipita kwenye steshenari zilizojipanga karibu na chuo chochote cha mjini, utakuta jambo moja linajirudia. Mwanafunzi anaingia na flashi mkononi, ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo inatakiwa kabla ya saa sita mchana. Kijana wa kaunta anafungua faili, anabofya, printa inaanza kutoa karatasi. Ukurasa wa tisa, jedwali limekatika katikati. Namba za kurasa zimeruka. Picha imefunika maandishi. "Wiki iliyopita haikuwa hivi," kijana anajitetea, "tumeweka toleo jipya." Karatasi zimeshatoka, wino umeshakwenda, na mara nyingi anayelipia hasara hiyo ni mwanafunzi.

Nenda zahanati ambako kadi za wagonjwa zimehamia kwenye kompyuta. Nenda SACCOS siku ya kutoa mikopo ya ada. Maneno unayoambiwa dirishani ni yaleyale: mfumo hausomi, wameubadilisha juzi, njoo kesho. Kesho hiyo ni nauli ya pili kwa mama aliyetoka mbali, na ni siku nyingine ambayo genge lake halikufunguliwa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Toleo jipya la programu haliwi tayari kwa sababu tarehe imefika, wala kwa sababu waliolitengeneza wameridhika nalo. Linakuwa tayari pale watu ambao hawakulitengeneza wanapolitumia kwa kazi zao za kweli, kwenye mashine zao kama zilivyo, na kasoro kubwa walizozikuta zikarekebishwa. Hilo ni kweli kwa programu zote, lakini ni kweli zaidi kwa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Huko wanaojaribu ni wale wanaojitokeza. Wasiojitokeza hakuna anayewapimia. Asiyekuwepo na lake halipo.

Na tusidhani haya ni mambo ya mafundi wachache. Kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android iliyo mfukoni mwako. Firefox, LibreOffice, hifadhidata ya PostgreSQL, seva zinazobeba tovuti unazozifungua kila siku: vyote hivi ni vya jamii hiyo. Toleo bovu likitoka leo, kuna familia itakayolihisi kesho bila kujua jina lake.

Tarehe au hali?

Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ulianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, na kwa miaka mingi umeshika kanuni moja: toleo linatoka likiwa tayari. Programu mpya huingia kwanza kwenye tawi lisilo thabiti. Ikikaa huko siku chache, kwa kawaida kati ya mbili na kumi, bila kuletewa taarifa mpya ya kasoro nzito, inahamia tawi la majaribio. Kisha unafika wakati wa kuganda. Vitu vipya haviingii tena, kazi inayobaki ni kurekebisha tu. Kasoro zenyewe zimepangwa kwa uzito. Ikoni iliyokaa upande haizuii toleo kutoka. Programu inayofuta data ya mtumiaji, inayowafungulia wezi mlango au inayoangusha mashine nzima inazuia, na isiporekebishwa inaweza kuondolewa kabisa, toleo likaendelea bila yake.

Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakidai ukamilifu. Anayesubiri programu isiyo na kasoro hata moja atasubiri mpaka kiama. Swali wanalojiuliza Debian ni jingine: kasoro iliyobaki inamdhuru nani, na kwa kiasi gani?

Lakini kanuni hiyo nayo iliwahi kuwaponza. Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, iliyofuata, 3.1, ikaja Juni 2005. Karibu miaka mitatu! Katika kipindi hicho kompyuta mpya zilikuwa zikija na vifaa ambavyo toleo la zamani halikuvitambua, na aliyenunua mashine mpya alihangaika peke yake. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, akaja na Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian ileile, ikiahidi toleo jipya kila miezi sita. Watumiaji wengi wakaifuata. Ni kweli haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, na methali zote mbili ni zetu. Anayezishika moja tu kati ya hizo hajaisikia hekima yote ya wazee.

Debian walibadilika. Siku hizi wanatangaza mapema tarehe ya kuanza kuganda, na tarehe ya kutoa wanaiacha ifuate hali ya kasoro. Kwa toleo la 13, kuganda kulianza Machi 2025 na toleo likatoka tarehe 9 Agosti 2025. Karibu miezi mitano ya kuganda na kurekebisha. Ni kampuni ngapi zinazouza programu zingevumilia miezi mitano bila kitu kipya cha kutangaza?

Linus Torvalds na wenzake wanaotengeneza kiini cha Linux wana mwendo wa kasi zaidi, ila mantiki ni hiyohiyo. Wiki mbili za kupokea mapya, kisha kila wiki linatoka toleo la kupimwa. Kwa kawaida hufika saba. Hali isipotulia, la nane. Januari 2018, dunia ilipokuwa ikihangaika na udhaifu wa prosesa ulioitwa Meltdown na Spectre, toleo la 4.15 lilifikishwa hadi la tisa, na hakuna aliyekufa kwa kungoja wiki hizo. Juu ya mwendo huo kuna sheria ambayo Torvalds ameisimamia kwa ukali miaka yote: badiliko likiharibu programu iliyokuwa ikimfanyia mtumiaji kazi, kosa ni la kiini, si la mtumiaji. Laiti wanaotengeneza mifumo ya ofisi zetu wangeibandika sheria hiyo ukutani.

Nusu sekunde

Kama kuna tukio moja linalopaswa kufundishwa katika kila darasa la TEHAMA, ni lile la Machi 2024.

Andres Freund ni mhandisi wa Microsoft na pia ni mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata hiyo kwenye mashine zenye Debian ya tawi lisilo thabiti. Akagundua kwamba kuingia kwenye mashine kutoka mbali, kwa njia ya SSH, kunachukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida na kunakula nguvu ya prosesa bila sababu. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaendelea na kazi. Yeye alifuatilia hatua kwa hatua hadi akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Humo akakuta mlango wa siri uliowekwa kwa makusudi. Tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu.

Aliyeuweka alijiita Jia Tan. Hakuvunja mlango, alikaribishwa. Kwa zaidi ya miaka miwili alichangia kazi nzuri mpaka akaaminiwa na kupewa funguo. Mradi wa xz ulikuwa umebebwa kwa miaka mingi na mtu mmoja anayejitolea, na mtu huyo alikuwa akiandamwa na walalamikaji ambao wachunguzi wanaamini walitumia majina ya bandia: unachelewa, matoleo hayatoki, mpe mwingine nafasi. Mtu aliyechoka, anayefanya kazi bila malipo, akisukumwa hivyo atafanya nini? Na toleo lenye sumu lilipotoka, msukumo ukaendelea, safari hii kwa mifumo ya Debian, Fedora na Ubuntu: lichukueni upesi, liwahi matoleo yenu yajayo.

Haraka ilikuwa silaha ya waliopanga hila hiyo. Walijua kwamba mradi unaokimbizana na kalenda hauulizi maswali mengi.

Kilichotuokoa ni mambo mawili, na yote mawili ni lazima yatajwe pamoja. La kwanza ni kungoja. Toleo hilo la xz lilikuwa limeshaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian, Fedora na wengine, lakini Debian thabiti haikuguswa, kwa sababu hakuna kipya kinachofika huko bila kupita kwenye ungo. Ubuntu nao, walipopata habari, waliahirisha kwa wiki moja toleo la majaribio la 24.04 ili kujenga upya vifurushi vilivyotengenezwa baada ya xz ile kuingia. La pili ni kwamba ndani ya muda huo wa kungoja palikuwa na mtu anayelitumia tawi lisilo thabiti kwa kazi yake halisi, mwenye jicho. Kama wote tungekaa pembeni tukisubiri wengine wajaribu, siku za kusubiri zingepita kimya na mlango ungeingia ndani ya seva za benki, za vyuo vikuu na za mitandao ya simu. Bibi anayepokea hela ya dawa kwenye simu yake kila mwisho wa mwezi hajawahi kuisikia xz. Angeisikia kwa njia mbaya.

Namba inayoahidi kupita uwezo

Kuna kosa jingine ambalo wanaotengeneza programu huria hulifanya kwa nia njema. Tarehe 11 Januari 2008 ilitolewa KDE 4.0, mazingira mapya kabisa ya eneokazi kwa kompyuta za Linux. Watengenezaji walieleza kwamba huo ni msingi, kwamba mengi bado hayajajengwa, kwamba anayetaka kazi ziende abaki kwenye 3.5. Lakini namba ilikuwa 4.0, bila neno la tahadhari pembeni yake, na baadhi ya mifumo ikaiweka mbele ya watumiaji wa kawaida. Watu wakafungua kompyuta asubuhi wakakuta mambo waliyoyazoea hayapo. Torvalds mwenyewe aliihama akaenda GNOME, mazingira mengine ya aina hiyo.

Hoja ya waliotoa haikuwa ya kijinga. Walisema watu hawajaribu kitu mpaka kitolewe, na wasipojaribu kasoro hazionekani. Nakubaliana na sehemu hiyo kwa asilimia mia. Lakini ukitaka watu wakujaribie, waambie waziwazi kwamba ni jaribio, kisha uwashukuru. Ukiwaita kwenye karamu halafu wakakuta jiko halijawashwa, mara ya pili hawaji.

Na kalenda kali nayo ina madhara yake. Ubuntu 17.10 ilitoka siku iliyopangwa, Oktoba 2017. Desemba ikabidi waiondoe kwenye ukurasa wa kupakua, kwa sababu kwenye baadhi ya kompyuta mpakato, nyingi zikiwa za Lenovo, iliharibu mipangilio ya BIOS, sehemu inayoiamsha mashine. Baadhi ya wenye mashine hizo hawakuweza tena kuziwasha kwa flashi ili wasakinishe mfumo mwingine. Toleo lililorekebishwa likatoka Januari 2018. Kwa mtu mwenye kompyuta tatu nyumbani hiyo ni bughudha. Kwa kijana ambaye baba yake aliuza mbuzi wawili ili apate kompyuta mpakato moja iliyotumika, hiyo ni elimu imesimama.

Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Wanaojaribu matoleo mapya wanajaribu kwa mashine walizonazo. Umeme wao haukatiki katikati ya usasishaji. Hawanunui bando la siku ili kupakua faili la gigabaiti kadhaa. Kompyuta zao ni za juzi. Hawana ubaya wowote na sisi. Wanajaribu maisha yao. Sisi tusipojaribu ya kwetu, nani ayajaribu?

Mfano ni huu. Debian 13 haina tena kisakinishi rasmi wala kiini kwa kompyuta za zamani za biti 32. Huenda uamuzi ungekuwa uleule hata kama Afrika Mashariki yote ingesimama kusema, kwa sababu mashine hizo ni kongwe kweli na kuzihudumia ni mzigo. Lakini je, tulisema? Debian ina kifurushi kidogo kinachohesabu, kwa ridhaa ya mtumiaji, programu zipi zinatumika. Wakati wa kusakinisha inakuuliza kama unataka kushiriki, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Anayebonyeza tu ili amalize upesi amejiondoa mwenyewe kwenye hesabu. Halafu tunashangaa kompyuta za msaada zilizo kwenye maabara ya shule ya sekondari hazimo kwenye mawazo ya mtu.

Pale ambapo watu wetu walikuwepo, mambo yetu yapo. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH, kwenye kliniki za wagonjwa wa VVU, na Wakenya wamekuwa ndani yake tangu mwanzo. DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulienea Kenya nzima mwaka 2011, na timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeshiriki kwa miaka katika mtandao wa wataalamu wake. Si ajabu programu yake ya simu inafanya kazi hata pasipo mtandao, ikahifadhi takwimu na kuzituma baadaye. Wanaoijua zahanati isiyo na mnara wa simu walikuwa mezani.

Lugha nayo ni hivyohivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Lakini kila toleo jipya la programu huja na maneno mapya kwenye menyu zake, na huwa kuna tarehe ambayo baada yake maneno hayabadilishwi ili watafsiri wamalizie. Tarehe hiyo ikipita bila Mswahili aliyekaa kwenye kazi, menyu inatoka nusu Kiswahili nusu Kiingereza, nasi tunasema Kiswahili hakifai kwenye kompyuta. Kiswahili kimekosa nini? Kimekosa watu, katika wiki ileile waliyotakiwa.

Nani asubiri, nani ajaribu

Si kila mtu anapaswa kujaribu, na hili nalisema kwa msisitizo. Mwenye zahanati, mwenye SACCOS, mhasibu wa shule na kijana wa steshenari wasubiri. Toleo linaloishia na sifuri liachwe mpaka marekebisho ya kwanza yatoke. LibreOffice kwa miaka ilikuwa na tawi lililokomaa kando ya lile jipya, na Mozilla walianza mwaka 2012 kutoa Firefox ya muda mrefu baada ya shule na makampuni kulalamika kwamba toleo jipya kila wiki sita linawashinda. Matoleo ya namna hiyo huwekwa kwa ajili yenu, yatumieni. Msisasishe mwisho wa mwezi wala wiki ya mitihani, na msisasishe kabla ya kuweka nakala ya data mahali pengine.

Kusubiri huko kuna mpaka. Debian huhudumia toleo thabiti kwa takribani miaka mitatu, kisha watu wa kujitolea na makampuni huongeza hadi kufikia mitano. Python 2, lugha ya kuandikia programu, ilipewa miaka na miaka ya nyongeza mpaka mlango ukafungwa tarehe 1 Januari 2020, na bado kuna ofisi zilizoshtuka. Anayebaki nyuma ya mpaka huo anaendesha mashine ambayo matundu yake yanajulikana na hakuna wa kuyaziba.

Wanaopaswa kujaribu ni vyuo, VETA, vilabu vya kompyuta na maabara zenye mashine za ziada. Na kujaribu si kucheza. Mtu akiandika kwamba "printa haifanyi kazi", hajamsaidia yeyote. Akiandika kwamba ana printa ya aina fulani, mfumo toleo fulani, alichapa faili la kurasa tano, alitarajia kurasa tano, zikatoka mbili zenye maandishi na tatu tupu, na kwamba kwenye toleo lililopita faili hilohilo lilitoka sawasawa, hapo ametoa msaada ambao mhandisi aliye Oslo au Berlin hawezi kuupata kwa njia nyingine yoyote. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika taarifa hiyo kwa nusu saa. Ni kazi ya kweli inayosomwa na watu wa kweli, na inaonekana kwa jina lake siku atakapoomba ajira.

Toleo la 14 la Debian, waliloliita Forky, linaandaliwa. Walimu wa TEHAMA, msisubiri litoke ndipo mlalamike. Tengeni mashine mbili sasa, zile kongwe kabisa, wekeni tawi la majaribio, wapeni wanafunzi wafanye nalo kazi zao za kila wiki, na kila kasoro watakayoikuta iandikwe na itumwe kabla ya kuganda kuanza.